Mume na Mke Wanapokwenda Kukimbia Milimani Nchi za Nje

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo miaka ya nyuma tusingefikiri kuliandikia ukurasa huu wa afya. Watu wa kwetu Njombe na Makambako wameanza kusafiri kwenda kukimbia. Hatusemi juu ya wanariadha wanaokimbia kwa ajili ya riziki, maana hao Tanzania imekuwa nao tangu zamani. Tunasema juu ya baba na mama wa kawaida: mwalimu, mfanyabiashara wa mbao, mkulima wa parachichi. Hao huweka akiba mwaka mzima, huwaacha watoto kwa bibi, na kwenda kushiriki mbio za kupanda mlima. Wengi huanzia Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon iliyoanza mwaka 2003. Wakishaonja hiyo, hutaka kuvuka mpaka.

Sisi wauguzi hatuna ugomvi na jambo hili. Kila wiki tunapokea hospitalini watu waliopata presha na kisukari kwa sababu mwili wao haufanyi kazi tena kama ulivyozoea shambani. Mume na mke wanaoamka alfajiri na kukimbia pamoja wanaujenga moyo, na wanapata nafasi ya kuongea bila simu wala wageni. Ila mlima haumjui mtu. Mlima wa ugenini ndio haumjui kabisa. Basi tujifunze kidogo.

Mbio zenyewe ni zipi?

Ziko nyingi duniani. Kule Kameruni, katika mji wa Buea, tangu mwaka 1973 watu hushindana kupanda mlima unaozidi mita 4,000 na kurudi chini siku hiyo hiyo. Mshindi aliyepata sifa kuliko wengi huko ni mama mmoja aitwaye Sarah Etonge, mama wa watoto saba, aliyeshinda mara nyingi kuanzia mwaka 1996. Uswisi kuna mbio za Sierre-Zinal, kilomita 31, zilizoanza mwaka 1974. Mwaka 2023 washindi wake wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa Wakenya: Philemon Kiriago na Philaries Kisang. Mwaka huo huo, katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani yaliyofanyika Innsbruck, Austria, Leonard Chemutai wa Uganda alitwaa ubingwa wa mbio za kupanda na kuteremka. Na hapo Uganda, mjini Kasese chini ya milima ya Rwenzori, kuna mbio zilizoanza mwaka 2022.

Lakini kwa mtu wa Njombe, mlima wa nchi za nje ulio rahisi kuufikia ni Mulanje, kusini mwa Malawi. Huko kuna Mbio za Wapagazi, zilizoanza mwaka 1996 kwa ajili ya wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, na baadaye zikafunguliwa kwa watu wote. Kwa kawaida hufanyika mwezi Julai. Mkimbiaji huanzia Likhubula chini ya mlima, hupanda hadi bonde la Chambe, hupita uwanda wa Lichenya, halafu huteremka tena. Jumla ni kama kilomita 22 hadi 25. Washindi huchukua zaidi kidogo ya saa 2, na watu wa kawaida saa 5 au 6. Kilele cha Mulanje, Sapitwa, kina mita 3,002, lakini mbio hazifiki huko. Chini ya mlima kuna mashamba ya chai yanayomkumbusha mtu Luponde na Kibena. Mwaka 2025 mlima huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tutatumia Mulanje kama mfano wetu mkuu. Anayekwenda kwingine atageuza mwenyewe yanayomhusu.

Pimeni kabla ya kulipa nauli

Wengi huja kwetu baada ya kulipa ada ya mbio, kununua viatu na kuwaaga majirani. Hapo muuguzi akisema "hapana" anaonekana adui. Njooni mapema, miezi mitatu au minne kabla, na njooni wote wawili.

Tunaruhusiwa kusimulia juu ya mume na mke wa upande wa Makambako, bila kuwataja majina. Walikuja kupima kwa ajili ya Mulanje. Mume ana miaka 46, mrefu, mwenye nguvu, hajawahi kulazwa. Yeye ndiye aliyemleta mkewe, kwa kuwa mama alikuwa analalamika kizunguzungu kidogo. "Mpimeni huyu," alisema, "mimi sina shida." Tukawapima wote. Mama presha yake ilikuwa nzuri kabisa, ila damu ilikuwa gramu 9.8. Mume presha yake ilikuwa 172 kwa 108. Tulimpumzisha nusu saa tukapima tena, kisha tukampima tena kesho yake. Ilikuwa vile vile. Tulipouliza juu ya jamaa zake, alisema baba yake alianguka shambani akiwa na miaka 52 na hakuamka.

Alikasirika, na tulimwelewa. Mtu ambaye hasikii maumivu yoyote anaambiwa ni mgonjwa, na safari aliyoipanga mwaka mzima inaahirishwa. Lakini presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Ikikaribia 180 kwa 110, mtu asifanye zoezi zito kabisa mpaka ishushwe kwa dawa, kwa sababu kupanda mlima kwa mbio huipandisha juu zaidi, na hapo mshipa wa kichwani unaweza kupasuka au moyo ukasimama. Hakwenda mwaka ule. Alianza dawa, alipunguza chumvi, akaendelea kutembea kwa haraka kila asubuhi barabara ya Mlowa. Walikwenda mwaka uliofuata. Tutarudi kwao.

Kwa hiyo, kila mmoja apimwe presha, damu, sukari na mkojo. Aliyezidi miaka 40, na aliye na mzazi au ndugu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, amwone daktari asikilize moyo, na kama kipimo cha umeme wa moyo kinapatikana kifanyike. Aliyewahi kuzimia wakati wa kukimbia, au kusikia kifua kinabanwa anapopanda mlima, asijiandikishe kwanza.

Damu ya mama

Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na damu gramu 12 au zaidi, mwanamume 13. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kwenda kwenye misuli. Mama mwenye gramu 9 akipanda Chambe, moyo wake unafanya kazi maradufu kuziba pengo hilo. Akina mama wengi wa kwetu wana damu pungufu bila kujua: uzazi wa karibu karibu, hedhi nyingi, minyoo, na chakula.

Hapa tuseme juu ya chai. Sisi watu wa Njombe tunalima chai na tunaipenda, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mama anakula maharage na mchicha, vyakula vizuri vya kuongeza damu, halafu anashushia na kikombe cha chai ya rangi. Faida nyingi inapotea hapo. Kunywa chai saa moja au mbili mbali na chakula. Wakati wa kula, weka chungwa, limau au nyanya mbichi, hivyo husaidia chuma kuingia. Dagaa, nyama na maini hata kidogo vina msaada mkubwa. Yule mama wa Makambako alipewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, na baada ya miezi minne alikuwa na gramu 12.3. Kizunguzungu kiliisha. Asingeletwa kwa ajili ya mbio, pengine angeendelea nacho miaka.

Kama hedhi imechelewa, pima mimba kwanza. Mama mjamzito anaweza kutembea na kufanya mazoezi mepesi, lakini mbio za mlimani hapana: kuna kuanguka, kuna joto, na kuna malaria njiani, ambayo kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto. Mama anayenyonyesha mtoto mdogo afikirie mtoto kwanza. Mbio zipo kila mwaka.

Wanaotumia dawa kila siku

Tusione haya kulisema. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kuwa mkoa wa Njombe una kiwango cha juu cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Maana yake, kati ya wanaopenda kukimbia wapo wanaotumia dawa za kupunguza makali. Wanaweza kukimbia. Mtu anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi vyake vimeshuka hana sababu ya kukaa nyumbani kwa ajili hiyo tu. Lakini asikatishe dawa hata siku moja. Mweleze mhudumu wa kliniki yako tarehe za safari, uchukue dawa za siku zote pamoja na za wiki mbili zaidi, maana basi huharibika na mipaka hufungwa. Dawa zikae kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye begi linalowekwa chini ya basi. Tumewahi kumpokea mtu ambaye begi lake lilishushwa Mbeya yeye akiwa Karonga.

Hayo hayo ni kwa wenye presha, kisukari, pumu na kifafa. Mwenye kisukari anayechoma insulini asikimbie milimani peke yake, na mwenzake ajue dalili za sukari kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, kuongea ovyo. Dawa yake ya kwanza ni sukari mdomoni, mara moja, akiwa bado anaweza kumeza.

Jambo jingine ni sindano na vidonge vya "kuongeza nguvu". Mwaka 2022, katika zile mbio za Sierre-Zinal, washindi wote wawili walionekana baadaye kuwa na dawa zilizokatazwa mwilini, wakavuliwa ushindi. Hao ni watu wa kulipwa. Sasa tunasikia vijana wetu wakinunua madukani dawa za jamii ya steroidi ili wapone goti haraka au wapumue vizuri. Dawa hizo hupandisha presha na sukari, hupunguza kinga, hudhoofisha mifupa. Mtu wa kawaida anayejichoma ili ashike nafasi ya mia mbili, kweli hatumwelewi.

Safari ya kwenda

Kutoka Njombe hadi Mulanje ni safari ndefu: Makambako, Mbeya, Tukuyu, mpaka wa Kasumulu, halafu Karonga, Mzuzu, Lilongwe, Blantyre. Ni siku mbili au tatu za kukaa kwenye basi. Kila gari linaposimama, shukeni mtembee. Mkiwa mmekaa, chezesheni vifundo vya miguu, ili damu isigande miguuni. Fikeni siku mbili tatu kabla ya mbio. Anayeshuka kwenye basi usiku na kukimbia asubuhi amejitafutia maumivu.

Malaria ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sisi tuishio karibu mita 2,000 juu ya bahari hatuna mbu wengi wa malaria, na kwa hiyo miili yetu haikuzoea kupigana nayo. Ukitelemka Kyela na Karonga, na kufuata ufuko wa Ziwa Nyasa, umeingia nchi ya malaria, na mtu mzima wa Njombe anaweza kuugua vibaya kama mtoto. Chukueni chandarua chenye dawa. Vaeni nguo ndefu jioni. Muulizeni daktari juu ya dawa ya kinga, ambayo huanza kumezwa kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, kwa siku zinazotegemea aina ya dawa. Wajawazito wana masharti yao, wasijichagulie wenyewe dukani.

Maji na chakula: Malawi ilipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioanza Machi 2022, na watu zaidi ya 1,700 walifariki. Katikati ya mlipuko huo, Machi 2023, kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa nchi, na Mulanje ni mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Kunyweni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kuleni chakula cha moto, menyeni matunda wenyewe. Bebeni pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visiwe na kichuguu.

Kwa anayekwenda Uganda, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinatakiwa, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakichomwi tena kila miaka 10. Wajawazito, wanaonyonyesha watoto wa chini ya miezi 9, na wenye kinga iliyoshuka sana wamwone daktari kwanza, wasichomwe hivi hivi.

Kadi ya bima ya hapa nyumbani msiitegemee huko. Wekeni kando fedha ya matibabu, ambayo haitumiki kununua vitenge. Chini ya Mulanje ipo hospitali ya misheni ya Kanisa la Presibiteri, pamoja na hospitali ya wilaya. Jueni zilipo kabla ya kuzihitaji.

Baridi ya mlimani

Mtu wa Njombe husema, "Baridi mimi nimezaliwa nayo." Ni kweli, Juni na Julai kwetu umande huganda kwenye viazi. Lakini baridi ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moto si baridi ya mtu aliyelowa jasho juu ya mlima upepo unapovuma. Kule Mulanje, kati ya Mei na Agosti, huja ukungu na manyunyu ya baridi yanayoitwa chiperoni. Asubuhi kunakuwa na jua, na saa moja baadaye humwoni mtu aliye hatua ishirini mbele yako.

Tarehe 22 Mei 2021, huko Uchina, karibu na mji wa Baiyin katika jimbo la Gansu, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Wengi walivaa kaptula na fulana nyepesi. Mchana upepo mkali, mvua na barafu vikawashukia. Watu 21 walikufa, na kati yao walikuwemo wakimbiaji hodari kabisa. Tunaomba kila mume na mke waongee juu ya tukio hili kabla hawajaamua kuacha koti chini ili wasibebe uzito.

Dalili za mwili kupoa ni hizi: kutetemeka sana, vidole kushindwa kufunga kamba ya kiatu, kujikwaa, maneno kuwa mazito, kuchanganyikiwa. Mtu akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, msifurahi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni hata kichwa. Kama ana fahamu zake, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe; pombe huleta joto la uongo kwenye ngozi na kupoza moyo. Mwenzake ajilaze naye ndani ya blanketi moja. Kwa mume na mke hilo halihitaji maelezo marefu.

Mlima mrefu zaidi

Mulanje haufikii urefu wa kuleta ugonjwa wa mwinuko kwa wengi. Lakini wapo wanaotaka kwenda juu zaidi: Rwenzori mita 5,109, Mlima Kenya mita 5,199, au Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895. Juu ya mita 2,500 hewa imepungua kiasi cha kumfanya mtu aumwe. Sisi wa Njombe tuna nafuu kidogo mwanzoni, lakini nafuu hiyo haitufikishi mita 5,000.

Wengine hutuuliza: mbona Simon Mtuy, Mtanzania wa hapo Kilimanjaro, alipanda na kurudi chini ya saa 9 mwaka 2004, na Karl Egloff mwaka 2014 akatumia saa 6 na dakika 42, na hawakuugua? Kwanza, watu kama hao huuzoesha mwili kwa kwenda juu mara nyingi kabla. Pili, ugonjwa huu kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika juu, na wao wakati huo wameshateremka. Mtu wa kawaida anayelala juu hana kinga hiyo.

Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, kukosa usingizi. Ukiwa nazo usiendelee kupanda. Zikizidi, teremka. Hatari kubwa ni mbili: maji kujaa kwenye mapafu, ambapo mtu huhema hata akiwa amekaa na kukohoa povu, na ubongo kuvimba, ambapo mtu hupepesuka kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kigusane na vidole. Akishindwa, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kungoja asubuhi kumewaua wengi.

Siku ya mbio

Kula chakula ulichokizoea. Usiku uliotangulia, wali, viazi au ugali na mboga isiyo na mafuta mengi. Asubuhi, saa 3 hivi kabla ya kuanza, uji wa ulezi au mkate na ndizi. Ulanzi uachwe Njombe, hata huo uliokaushwa kwenye dumu kwa kisingizio cha zawadi.

Juu ya maji, wengi wamefundishwa kunywa mengi kadiri iwezekanavyo. Si sahihi. Mtu anayekunywa maji matupu mengi kupita kiasi kwa saa 5 au 6 hupunguza chumvi kwenye damu, na ubongo huvimba. Katika mbio za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walitolewa damu mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Kunywa unaposikia kiu, kula kitu chenye chumvi kidogo njiani. Mkimbiaji aliyevimba vidole, anayetapika na kuchanganyikiwa, na ambaye amekunywa sana, asiongezewe maji. Apelekwe hospitali.

Msimeze dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio wala katikati. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huumiza figo. Na mwenye homa siku hiyo asikimbie kabisa, hata kama amevuka mipaka minne.

Viatu viwe vimevaliwa angalau mwezi mzima. Vya mtumba vya soko la Makambako vinafaa, ila bonyeza soli kwa kidole: kama imekuwa ngumu kama mti, acha. Kateni kucha za miguu siku tatu kabla. Kuteremka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda, na watu hawafanyii mazoezi kuteremka. Tafuteni kilima cha kwetu chenye mteremko, msikikose. Hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa. Mama yule wa Makambako alituambia alipanda Chambe bila shida, lakini mteremko ulimtoa machozi, na siku mbili hakuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Hayo ni maumivu ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au soda. Hiyo ni misuli iliyovunjika inaziba figo, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mume wake, presha ikiwa 134 kwa 84, alifika mpaka Lichenya kwa kutembea, ukungu ukaingia, akageuza na kushuka na wapagazi. Mkewe alikuwa mbele yake kwa dakika arobaini. Tunaona alifanya busara, ingawa wenzake wa mbao bado wanamtania.

Mkirudi nyumbani

Siku ya 12 baada ya kurudi, mume yule alianza kuumwa kichwa na mwili mzima. Akasema ni uchovu wa safari. Alinunua panado akalala siku tatu. Mkewe ndiye aliyemleta, na safari hii hakubishana. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na macho yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Alilazwa siku nne, akachomwa sindano za atesuneti, kisha akamalizia dawa mseto nyumbani. Alipona. Daktari wetu alisema siku moja zaidi ingekuwa hadithi nyingine.

Kwa hiyo, homa yoyote kuanzia siku ya 7 baada ya kuingia nchi ya malaria, na hata miezi mitatu baadaye, ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu mlikotoka. Hapa kwetu malaria si nyingi, na mhudumu asipoambiwa anaweza kufikiri kichomi au taifodi kwanza. Hata aliyemeza dawa ya kinga apimwe.

Lipo jambo moja ambalo wasafiri wa Malawi husahau. Baada ya mbio wengi hupitia ziwani kupumzika, na miguu inayowaka huomba maji baridi. Ziwa Nyasa, hasa sehemu zenye majani na konokono kama upande wa Cape Maclear, lina kichocho. Huwezi kukiona, na mara nyingi hukisikii kikiingia kwenye ngozi. Aliyeoga humo, hata mara moja, aje apimwe wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa kuwa kabla ya hapo mayai hayajaanza kutoka na kipimo kitadanganya. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtu. Lete mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Tena, kabla ya kukojoa, tunamwomba mtu aruke ruke au akimbie kidogo kuzunguka uwanja wa hospitali. Wagonjwa wengine hutulalamikia kwa hilo, lakini hawa wa Mulanje hatudhani watalalamika.